Alama za kemikali kwenye RNA: zinamlinda nani, sisi au virusi?

#1 TichaNyalenda
Wadau hamjambo. Nafundisha baiolojia hapa Kisumu na kuna jambo nataka tulichambue pamoja, maana wanafunzi wa siku hizi wanauliza maswali ambayo kitabu hakiyafikii.

Kitabu kinasema RNA ina herufi nne, A, U, G na C. Sawa, lakini haiishii hapo. RNA ikishatengenezwa, seli huzibandika herufi hizo vikundi vidogo vya kemikali. Aina zinazojulikana zimepita 150. Iliyo nyingi zaidi ndani ya mRNA zetu, yaani RNA zinazobeba maagizo ya kutengeneza protini, inaitwa m6A: herufi A iliyoongezwa kikundi cha methili, yaani kaboni moja na haidrojeni tatu. Iligunduliwa 1974, na muongo huo haujaisha ikawa imeonekana kwenye RNA za virusi vya mafua pia. Kisha ikasahauliwa miaka mingi kwa kuwa hapakuwa na njia ya kujua imekaa wapi hasa, mpaka 2012 ilipopatikana mbinu ya kuichorea ramani.

Dai langu: alama hizi zinavifaidi virusi. Vinajivika alama za RNA yetu ili mwili usijue kuna mgeni. Mwenye hoja tofauti aje nayo.

#2 MtuWaMaabara
Mwalimu, dai lako lina ushahidi, ila umeshika upande mmoja.

Wako ni huu: metanyumovirusi ya binadamu, inayowapa watoto homa ya mapafu. Utafiti wa 2020 ulionyesha kwamba virusi hivyo vikitengenezwa vikiwa na m6A pungufu, seli huvigundua zaidi na interferoni, protini ya kengele ya hatari, hupanda. Hapo alama ilikuwa inavificha kweli.

Sasa njoo kwa hepataitisi C. Mwaka 2016 kundi la Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, lilipunguza METTL3 na METTL14, protini zinazobandika hiyo methili. Seli zikatoa virusi vingi zaidi, si vichache. Walipopunguza FTO, ambayo hubandua, virusi vikapungua. Zika, mwaka huo huo, ikaelekea huko huko. Hapo alama inamlinda nani?

Kwa wanaoingia sasa: kuna protini zinazobandika, tunaziita waandishi, zinazobandua, wafutaji, na zinazokuja kuishika alama na kuamua RNA ifanywe nini, wasomaji. Wasomaji wanaojulikana zaidi ni wa ukoo wa YTHDF.

#3 BodaKondele
Mimi nimeshuka stendi ya kwanza. Seli "inagundua" kwa kutumia nini? Si ile ni kazi ya chembe nyeupe za damu?

#4 SistaLurambi
Mulembe wote. Kaka Boda, kabla chembe nyeupe hazijafika, kila seli ina ulinzi wake wa ndani. Kuna protini iitwayo RIG-I inayozunguka humo ikipapasa RNA. Fikiria askari wa geti la supamaketi anayetazama muhuri kwenye risiti kabla hujatoka na mzigo. RNA yetu ina kofia mbele, yaani kipande maalumu cha kemikali kwenye ncha ya mwanzo, na juu ya kofia kuna methili. RNA za virusi vingi zinatoka na fosfeti tatu tupu upande wa mbele. RIG-I ikizikuta, inaamsha seli, seli inamwaga interferoni na majirani wanajifunga. Ule mwili kuchoka na kuumwa kichwa siku ya kwanza ya homa, sehemu kubwa ni interferoni ikiwa kazini. Wagonjwa huniambia "sista, virusi vimenivunja mifupa", nami huwaambia ni mwili wako unapigana.

#5 BodaKondele
Hapo nimeshika. Endeleeni.

#6 VetWaNakuru
Kwa kuwa kofia imetajwa, naleta mambo ya kwetu. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa kwa mara ya kwanza 1931, kutoka shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, kaunti hii hii. Virusi vyake havijui kujitengenezea kofia. Kimeng'enya chao hushika mRNA ya seli, hukata kofia pamoja na herufi chache zinazoifuata, kisha huiunganisha mbele ya ujumbe wa virusi. Methili zote unazozikuta pale mbele zilibandikwa na seli ya kondoo yenyewe. Kwa hiyo ndugu Ticha, hivi haviigi alama. Vinaiba.

Wakati wa mlipuko wa 2007 nilikuwa Baringo. Unaingia zizini asubuhi unakuta kondoo wametupa mimba karibu wote, vitoto vimelala kwenye matope, kondo bado zinaning'inia, na mwenye mifugo ameinama kuviokota kwa mikono mitupu. Kitu cha kwanza kilikuwa kumpa glavu, maneno baadaye. Mtu huambukizwa pale pale, kwa damu na majimaji. Tangu siku zile nikisikia mvua za El Nino zinatajwa redioni, naanza kuwapigia simu wafugaji.

#7 TichaNyalenda
Daktari, si unaniunga mkono? Viige au viibe, mwisho wake ni kujificha.

#8 MtuWaMaabara
Kwenye kofia, ndiyo, na naweza kukuongezea. Kofia kamili ina methili ya kwanza kwenye kofia yenyewe, na ya pili kwenye sukari ya herufi inayofuata. Korona inazo zana zake: nsp14 huweka ya kwanza, nsp16 ikisaidiwa na nsp10 huweka ya pili. Mwaka 2010 walichukua virusi vya West Nile vilivyonyimwa uwezo wa kuweka ile ya pili, wakawaambukiza panya. Panya wa kawaida walivishinda. Panya waliokosa ishara za interferoni wakaugua vibaya. Protini inayokagua hiyo methili ya pili ni IFIT1.

Lakini kofia ni kofia. m6A iliyo katikati ya RNA ni habari nyingine kabisa. Ukizitia kapu moja hutafika.

#9 NyarAsembo
Hata kwenye kofia kesi haijafungwa. Chikungunya na O'nyong'nyong kofia zao hazina hiyo methili ya pili. Kwa hesabu ya #8, IFIT1 ingevimaliza mara moja. Mbona haivimalizi? Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba virusi vya ukoo huo hujikunja mwanzoni mwa RNA kiasi kwamba IFIT1 haipati pa kushika. Umbo limefanya kazi ya kemikali.

O'nyong'nyong ilitambuliwa Uganda 1959 ikazunguka ziwa lote. Nyanya yangu wa Asembo alikuwa akituhadithia: watu waliolima jana hawawezi kushika mpini leo, mama anashindwa kumfungua mtoto mgongoni kwa vile vidole vimekaza. Kijiji kizima kimelala, hakuna wa kumchotea mwenzake maji. Ugonjwa wa virusi visivyo na methili ya pili, huo.

#10 BodaKondele
Omera NyarAsembo, umemnyamazisha Ticha!

#11 TichaNyalenda
Sijanyamaza, nasahihisha madaftari ya watoto wa watu. Nauliza hivi: hao wa chikungunya, ndani ya RNA yao m6A ipo?

#12 NyarAsembo
Swali zuri, na jibu linawakera wengi. Baadhi ya tafiti zilisema ipo. Mwaka 2024 kundi la Barcelona likapima tena chikungunya na dengi kwa njia zaidi ya moja, zikiwemo zisizotegemea kingamwili, likasema halioni m6A humo. Na ukifikiri, ina mantiki. METTL3 hukaa zaidi ndani ya kiini cha seli. Virusi hivi huzaliana nje ya kiini. Methili ingewafikiaje?

#13 MtuWaMaabara
Kuna wanaojibu kwamba METTL3 huonekana nje ya kiini pia seli ikiambukizwa. Ila hoja ya kingamwili ni nzito, nakubali. Mbinu ya 2012 inatumia kingamwili kuvua vipande vyenye m6A. Kingamwili hiyo hushika pia alama nyingine inayofanana nayo, iliyo jirani na kofia. Ukiwa na virusi mamilioni ndani ya seli moja, hata kushika kwa bahati mbaya kunaonekana kama ugunduzi.

#14 MkulimaBusia
Nimesoma kote. Mnazungumza watu na kondoo tu. Muhogo je?

Juzi nimeng'oa mistari miwili. Juu shina limesimama vizuri, majani ya chini ndiyo yana umanjano kando ya mishipa. Mzizi kwa nje mzima, mnene, unafurahisha macho. Nikaukata kwa panga: ndani kuna mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama gome. Huwezi kuchemsha, huwezi kusaga unga, hata nguruwe anaubagua. Jirani anasema batobato. Hiyo batobato nayo ina methili?

#15 MwanaNjoro
Pole sana mzee. Hiyo uliyoieleza si batobato. Batobato inakunja majani ya juu na kuyatia madoa, na virusi vyake ni vya DNA. Mizizi kuoza kahawia ndani huku shina likionekana zima ni michirizi ya kahawia, na hiyo ni RNA, herufi kama 9,000 hivi. Zote mbili huletwa na nzi weupe, na zaidi sana na vipando tunavyopeana.

Kuhusu methili: kwa mimea, matokeo mazuri ninayoyajua yalitoka 2017 kwa virusi vya lusini, yale majani ya kulisha ng'ombe, vilivyopimwa kwenye mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis. Mmea ule una mfutaji wake, ALKBH9B. Walipouondoa, m6A kwenye RNA ya virusi ikaongezeka na maambukizi yakapungua. Yaani kule alama inamlinda mmea, na virusi vinamtegemea mfutaji wa mmea. Kuna virusi vingine vya mimea, hasa vya miti ya matunda, vinavyobeba mfutaji wao wenyewe ndani ya genomu. Kirusi kisingebeba mzigo huo bure.

Virusi vya michirizi navyo vina kitu cha pekee, protini iitwayo Ham1, ambayo ndugu zao wengi hawana. Inavunja herufi zilizoharibika kikemikali kabla hazijaingizwa kwenye RNA. Si methili, lakini ni suala lile lile la kemia ya herufi.

#16 VetWaNakuru
Hapo nimejifunza. Na ule ugonjwa wa mahindi ulioanzia Bomet 2011, tukapoteza mashamba mazima, nao ni RNA?

#17 MwanaNjoro
Ndiyo, virusi viwili vya RNA vikikutana kwenye hindi moja. Kimoja peke yake mahindi huvumilia. Vikiwa viwili, mmea unakauka kuanzia juu.

#18 BodaKondele
Na ukimwi? Hapa kwetu ziwani hiyo ndiyo ingefaa kuwa swali la kwanza. Kila boma lina mtu anayemeza dawa.

#19 MtuWaMaabara
Umesema kweli, na huko ndiko mvutano ulikolipuka. Mwaka 2016 makundi matatu ya Marekani yalichapisha kuhusu VVU na m6A, karibu wakati mmoja.

Kundi la San Diego lilisema m6A hupanda seli ikiambukizwa, na kwamba alama iliyo kwenye sehemu ya RNA inayoshikwa na protini Rev husaidia RNA kutolewa nje ya kiini. Alama inavifaidi virusi. Duke wakasema wasomaji wa YTHDF huongeza uzalishaji wa virusi. Nao upande huo huo. Ohio State wakasema wasomaji hao hao huishika RNA ya virusi inapoingia na kuzuia isigeuzwe kuwa DNA. Kinyume.

Maelezo yangu: wanatazama hatua tofauti. RNA inayoingia na RNA inayotoka si kitu kimoja, hata kama herufi ni zile zile.

#20 NyarAsembo
Au wanatumia seli tofauti na kingamwili ile ile yenye matatizo. Mimi nimeelemea kazi ya 2024, nayo ya Ohio State, iliyosoma RNA nzima ya VVU moja moja badala ya kuikatakata. Walikuta alama kuu tatu tu, zote karibu na mkia wa RNA, na zinasaidiana: ukiondoa moja, nyingine zinashika kazi. Nakala moja ina zote, nyingine ina mbili, nyingine moja. Sasa ukipima mchanganyiko wa nakala zote kwa pamoja, unapata wastani usiowakilisha hata nakala moja.

#21 SistaLurambi
Mtu ambaye hajatajwa ni Karikó. Mimi nilichoma watu chanjo za korona 2021, na swali nililokutana nalo kila siku lilikuwa "sista, wamebadilisha RNA, itanibadilisha na mimi?" Shemeji yangu alikataa hadi mwisho. Nilikaa naye jikoni nikamweleza pole pole kwamba RNA ile haiingii kwenye kiini ilipo DNA, na kwamba ndani ya siku chache imevunjwavunjwa. Alinisikiliza kwa heshima, akakataa. Bado ananiuma roho, kwa sababu ana kisukari.

Mabadiliko yenyewe ni haya. Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha 2005 kwamba ukiweka sudoyuridini badala ya herufi U, walinzi wa seli hawashtuki sana, na baadaye wakaona protini inatengenezwa kwa wingi zaidi. Chanjo za Pfizer na Moderna zina ndugu ya sudoyuridini yenye methili moja, kila mahali palipokuwa na U. Walipata Nobeli ya tiba 2023. CureVac, kampuni nyingine ya chanjo ya RNA, hawakubadilisha U, na jaribio lao la 2021 liliishia karibu asilimia 48 ya kinga.

#22 TichaNyalenda
Sista, asante. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Binadamu ametumia ujanja ule ule wa virusi, na umefanya kazi. Dai langu limesimama.

#23 MtuWaMaabara
Pole pole. CureVac walitumia maikrogramu 12 za RNA kwa dozi, Pfizer 30, Moderna 100. Na walipimwa wakati aina mpya za korona zimetapakaa. Huwezi kuitwika methili lawama yote.

Halafu hiyo sudoyuridini ya chanjo, kwenye U zote kuanzia mwanzo hadi mwisho, si kitu utakachokikuta kwa kirusi chochote. Ina tabia zake. Mwishoni mwa 2023 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba ribosomu, mashine ya seli inayotengeneza protini, ikisoma RNA hiyo huteleza mara nyingine ikaruka herufi moja, ikatoa protini kidogo isiyokusudiwa. Hawakuona kwamba ilileta madhara kwa waliochanjwa, na wakaonyesha jinsi ya kurekebisha mpangilio wa herufi. Nasema tu kila alama ina hesabu yake.

#24 NyarAsembo
Mimi naongeza la tatu, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Tunadhani alama inayohesabika ni ile iliyo kwenye RNA ya virusi. Kati ya 2018 na 2019 ilionyeshwa kwamba mRNA ya interferoni beta yenyewe ina m6A, na alama hiyo huifanya ivunjwe haraka. Ukiondoa METTL3, interferoni inadumu, virusi vinakwama. Hujagusa RNA ya virusi hata kidogo! Kwa hiyo majaribio mengi ya "tulipunguza METTL3 tukaona virusi vimepungua" hayakwambii alama ya nani ndiyo iliyofanya kazi.

Tazama korona. Mwaka 2021 kundi moja lilizuia METTL3 kwa kemikali iitwayo STM2457 na virusi vikapungua. Lingine likapunguza METTL3 na virusi vikaongezeka. Mwaka mmoja, kirusi kimoja.

#25 VetWaNakuru
Seli zilikuwa za aina moja?

#26 NyarAsembo
Hapana. Na seli nyingi za maabara hazitoi interferoni vizuri, nyingine hazitoi kabisa. Ndiyo maana nasema uulize seli kwanza.

#27 BodaKondele
FTO si ndiyo ile jeni ya unene? Niliisoma mahali. Basi nikinenepa ni virusi?

#28 SistaLurambi
Ni chapati za Kondele hizo kaka. Lakini kweli, FTO ilihusishwa na unene 2007, na 2011 ndipo ikajulikana kwamba kazi yake ni kubandua m6A. Kwamba unene unahusiana vipi na kubandua huko, wanabishana mpaka leo.

#29 MwanaNjoro
Kwa wanafunzi wa Ticha wanaosoma huku kimya, nataka mjue kupima vitu hivi ni kazi ya subira. RNA haivumilii. Vidole vyetu vina vimeng'enya vinavyoivunja, kwa hiyo unafuta meza kwa dawa, unavaa glavu mpya, ukijikuna pua unavua unavaa nyingine. Jani unalitumbukiza kwenye naitrojeni ya maji, unalisaga lingali linafuka, na ukichelewa likayeyuka unaanza upya. Siku hizi kuna mashine ndogo inayotosha mfukoni, inapitisha RNA kwenye tundu na kusoma mabadiliko ya umeme. Kwa mashine ya namna hiyo Wakorea walitangaza 2020 sehemu 41 kwenye RNA ya korona zinazoonekana kuwa na alama.

#30 MtuWaMaabara
"Zinazoonekana" ndilo neno. Umeme hukwambia herufi hii si ya kawaida. Haukwambii ni methili au kitu kingine.

#31 TichaNyalenda
Nimewasikia wote. Bado nasimama na kofia: pale virusi vinajificha, na West Nile imethibitisha. Kwa m6A natofautiana na NyarAsembo, siamini kila kitu ni interferoni. Metanyumovirusi ya #2 walibadilisha RNA ya virusi yenyewe, hawakugusa METTL3 peke yake. Hilo utalielezaje?

#32 NyarAsembo
Nitalieleza kesho nikitoka kazini. Lakini jiulize, ukibadilisha herufi ili methili isibandike, umebadilisha methili au umebadilisha umbo la RNA?

#33 MkulimaBusia
Na mimi mbegu nitoe wapi? Mvua ziko karibu.

#34 MwanaNjoro
Usichukue vipando vya jirani, hata kama shina linapendeza. Nenda KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo, pale Alupe uulize aina zinazovumilia michirizi na vipando safi. Shamba la zamani ng'oa yote, usiache maotea. Na ukiweza nichumie majani, nitumie ujumbe wa faragha tupange.

#35 MkulimaBusia
Ya juu au ya chini?

#36 MwanaNjoro
Ya chini yaliyokomaa, yale yenye umanjano kando ya mishipa. Yafunge kwa gazeti kavu, si nailoni, na uandike ni mstari upi.

#37 BodaKondele
Yakifika Kisumu nitayapeleka stendi bila malipo. Ticha, madaftari yameisha? NyarAsembo amekuachia swali #32.